Mfalme Aliyeoa Tena na Ukuu wa Kanisa la Uingereza

Tarehe 6 Mei 2023, katika Abasia ya Westminster, Askofu Mkuu Justin Welby alimvisha taji Charles III, kisha Camilla. Wote wawili waliwahi kutalikiana na wenzi wao wa kwanza, na Charles ndiye Gavana Mkuu wa Kanisa la Uingereza, kanisa ambalo kwa karne nyingi halikukubali aliyepewa talaka aoe tena madhabahuni huku mwenzi wake wa awali yu hai. Wapo wanaoona hapo unafiki wa wazi. Lakini tukiifuata historia ya cheo chenyewe, tutaona kwamba hakijawahi kupimwa kwa ndoa ya mwenye kukishika. Ni cheo cha kisheria, na kasoro yake, kama ipo, iko kwingine.

Husemwa kwamba kanisa hili lilizaliwa na talaka ya Henry VIII. Kwa hakika Henry hakuomba talaka. Alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon itangazwe kuwa batili tangu mwanzo, na Askofu Mkuu Cranmer akaitangaza hivyo mwaka 1533. Mwaka uliofuata Bunge lilimtambua mfalme kuwa Kichwa cha Kanisa. Jina hilo liliwachoma wengi, na mwaka 1559 Elizabeth I alichukua lile la Gavana Mkuu. Kifungu cha 37 kati ya vile 39 vya imani ya Kianglikana kikaweka mpaka: mtawala hana mamlaka ya kuhudumu katika Neno wala sakramenti. Kwa hiyo anayetaja agizo la Paulo kwamba askofu awe mume wa mke mmoja anamtwika mfalme sharti la daraja asilokuwa nalo. Tena, tangu 1990 sheria ya kanisa hilo imeruhusu, kwa kibali maalumu, kuwapa upadri hata watu waliooa tena baada ya talaka. Itakuwa ajabu kumdai asiyehudumu madhabahuni zaidi ya anayehudumu.

Mpinzani atauliza: mbona Edward VIII alikiacha kiti mwaka 1936? Ni kweli Askofu Mkuu Cosmo Lang aliipinga ndoa yake na Wallis Simpson, aliyekuwa na waume wawili wa zamani walio hai. Lakini hakuna sheria ya kanisa iliyomwondoa. Kilichomfunga ni serikali ya Waziri Mkuu Baldwin, pamoja na serikali za nchi kadhaa za himaya, kukataa ndoa hiyo. Angeshikilia, mawaziri wangejiuzulu. Kabla yake, George I alitawala kuanzia 1714 hadi 1727 akiwa ameshamtaliki mkewe huko Hanover mwaka 1694, na talaka hiyo haikumnyima ugavana. Hakuoa tena rasmi, lakini sheria ya urithi ya 1701 ilimtaka awe na ushirika na Kanisa la Uingereza na ikamkataza kuoa Mkatoliki. Kuhusu talaka haikusema neno.

Hoja nzito zaidi inalihusu kanisa lenyewe. Mwaka 2002 Sinodi Kuu ilikubali kwamba, katika hali za pekee, waliotalikiana waweze kufunga ndoa kanisani. Hata hivyo, tarehe 9 Aprili 2005 Charles, ambaye mkewe wa zamani, Diana, alikuwa amefariki mwaka 1997, na Camilla, ambaye mumewe wa zamani alikuwa hai, walifunga ndoa ya kiserikali mjini Windsor, ndipo Askofu Mkuu Rowan Williams akawaombea katika kanisa la Mtakatifu George. Kuibariki ndoa ambayo hukuifungisha ni kusimama mlangoni, na wakosoaji wana haki ya kulisema hilo. Lakini lawama hiyo ni ya maaskofu waliosita. Haimwondolei mfalme sifa ya kushika cheo.

Waanglikana wa Tanzania na Kenya, wenye majimbo yao yanayojitegemea tangu 1970, hawana gavana wa aina hiyo, na imani yao haijapungukiwa. Hapo ndipo swali lilipo: kwa nini ukuu wa kanisa urithiwe kwa damu? Charles anastahili ugavana kama walivyostahili waliomtangulia. Anayeona hafai kwa sababu ya ndoa yake aupinge ugavana wenyewe.