Msaada wa wazee hupitia kijijini
Kifungu cha 57 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na jamaa zao pamoja na serikali. Ruzuku kwa wakongwe maskini ilianza 2006. Mnamo 2018 ilipanuliwa kuwafikia waliotimu miaka 70 wasio na pensheni, kila mmoja akipewa Sh2,000 kwa mwezi.

Fedha hizo aghalabu huchelewa, na kwa bikizee anayelea wajukuu mayatima hazikawii kwisha. Asiyejiweza huteua mlezi wa kumpokelea. Je, mlezi huyo akizila? Hapo ndipo kamati za wanufaika zinapohitajika, kwa kuwa majirani hufahamu nani amedhulumiwa na nani hakuandikishwa kwa kukosa kitambulisho.