Ndege ya kivita ya sentimita 60: Jinsi inavyopakwa rangi hadi ifanane na ya kweli

F-4 Phantom, ndege ya kivita ya Marekani, iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1958. Zilitengenezwa zaidi ya 5,000, na jina lake lilienea duniani wakati wa vita vya Vietnam. Leo nyingi zimebaki kwenye makumbusho, lakini wapo watu wanaozijenga upya mezani kwa vipande vya plastiki, gundi na rangi. Katika makala hii tunaeleza jinsi ndege hiyo ya mfano, yenye kipimo kikubwa cha 1 kwa 32, inavyopakwa rangi, na kwa nini kosa dogo la mwanzo linaweza kuharibu kazi ya wiki nyingi.

Kipimo cha 1 kwa 32 ni nini?

Maana yake ni kwamba kila sentimita 32 za ndege halisi zinakuwa sentimita 1 kwenye mfano. Phantom halisi ina urefu wa mita 19 na ushei, hivyo ya mfano inafika karibu sentimita 60. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, ni sentimita 37 hivi. Rubani wa mita 1.80 anabaki na sentimita 5.6 tu. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka nchini Japani, ni mojawapo ya zinazouza seti ya vipande vya Phantom ya kipimo hiki.

Ukubwa huo unapendeza, lakini unaanika kila kosa. Chukua rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiikuza mara 32, unapata milimita 3.2, na ndege halisi haipakwi rangi nene kiasi hicho. Ndiyo maana mafundi wengi hawategemei burashi kwa mwili wa ndege. Hutumia kipulizio kidogo chenye ukubwa wa kalamu, kinachosukumwa na hewa ya kompresa, na kupuliza tabaka jembamba moja baada ya jingine.

Fundi anajuaje rangi sahihi?

Kwanza huchagua ndege moja: namba yake, kikosi chake na mwaka wake. Phantom za jeshi la wanamaji la Marekani katika miaka ya 1960 zilikuwa za kijivu juu na nyeupe chini. Zile za jeshi la anga zilizopigana Vietnam zilipakwa kijani za aina mbili na rangi ya mchanga upande wa juu, na kijivu cheupe upande wa chini. Zilikusudiwa kufanana na msitu zikitazamwa kutoka juu, na kufanana na mbingu zikitazamwa kutoka chini.

Picha za zamani husaidia, lakini hazitoshi, kwa sababu filamu hubadilika rangi kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo fundi hutafuta namba za rangi za serikali ya Marekani. Kila rangi ina tarakimu tano. Ya kwanza inaeleza mng'ao: 1 ni ya kung'aa, 2 inang'aa kidogo, 3 haing'ai. Ya pili inaeleza kundi la rangi: 0 ni hudhurungi, 4 ni kijani, 6 ni kijivu. Hivyo 34079, kijani iliyokoza ya Phantom za Vietnam, inasomeka kuwa ni kijani isiyong'aa.

Hata namba hiyo ina mjadala. Mfano ukiutazama kutoka sentimita 60 ni sawa na kutazama ndege halisi kutoka mita 19, na kitu kilicho mbali huonekana kimepauka kidogo. Mafundi wengi huongeza tone la rangi nyeupe au ya kijivu ili mfano usionekane mzito kuliko ulivyo.

Kwa nini mpangilio wa tabaka ni muhimu?

Vipande huoshwa kwanza kwa maji ya sabuni, kwa sababu vinaweza kutoka kiwandani na mafuta yanayozuia rangi kushika. Maungio hujazwa puti na kusuguliwa kwa msasa, kisha praima hupulizwa. Praima huonyesha kila mkwaruzo, na hapo ndipo pa kurekebisha. Rangi za juu hazitauficha.

Rangi kuu ikikauka, hufuata vanishi ya kung'aa. Nembo na namba huja zimechapwa kwenye utando mwembamba unaolowekwa majini, kisha huteleza mahali pake. Ukizibandika juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa chini yake na kuacha weupe. Zikishika, hufunikwa tena kwa vanishi, na mwisho kabisa huja vanishi isiyong'aa.

Hatari nyingine ni kupuliza rangi yenye tina kali juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakauka hadi ndani. Ya chini hujikunja na kupasuka, na dawa yake ni kuikwangua yote na kuanza upya.

Uchafu nao una sababu

Ndege iliyotoka vitani haikuwa safi, lakini haikuchafuka ovyo. Marubani wa Phantom walipanda kwa ngazi ya upande wa kushoto, hivyo alama za buti hukaa huko. Mafuta yaliyovuja tumboni yaliburutwa na upepo kuelekea nyuma. Nyuma ya matundu ya injini kulikuwa na chuma kisichopakwa rangi, kilichobadilika kuwa cha samawati na hudhurungi kwa joto. Ndani, viti vya dharura vya kampuni ya Martin-Baker ya Uingereza vilikuwa na vishikio vyenye mistari ya njano na nyeusi, na kwa kipimo hiki mistari hiyo huonekana.

Fundi anayejua sababu hizi hasahau pia kazi ya ndege yenyewe. Kwa wanavijiji wa Vietnam, Phantom haikuwa pambo la mezani, bali sauti iliyotangulia mabomu. Mfano uliopakwa kwa ukweli unaweza kumfanya mtazamaji aulize ndege hii ilikuwa wapi na ilifanya nini.

Linda mapafu yako

Jambo hili linamhusu hata msikilizaji anayepaka rangi pikipiki au mageti. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa tina. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya kaboni, ikikaza vizuri usoni. Fanyia kazi mahali penye upepo, mbali na jiko, sigara na watoto. Unaposugua puti kwa msasa, lowesha msasa kwa maji ili vumbi lisiruke. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kuuma, acha kazi mara moja, utoke nje upate hewa safi.