Kasubi: jumba la majani lenye kusema juu ya mamlaka na dini

Wachuruzi wengi wa Beni na Butembo wanajua Kampala kwa maduka na vituo vya basi. Wachache tu wamepanda kilima cha Kasubi, ndani ya muji uleule, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Pale, kila kamba na kila muti uko na maana.

Jumba lilikuwa nini?
Kabaka Mutesa wa Kwanza alilijenga mwaka 1882 kuwa makao yake. Alipokufa mwaka 1884, alizikwa humo. Wakamufuata Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Nyumba kubwa inaitwa Muzibu Azaala Mpanga.

Alama zake zinasema nini?
Ukiingia, unavua viatu na kukaa chini. Inua macho: chini ya paa kuna duara 52, kwa hesabu ya koo 52 za Buganda. Maana yake ni hii: mufalme anafunikwa na koo zote, hakuna ukoo mumoja wenye kubeba paa peke yake. Hata kazi imegawanywa: ukoo wa Ngeye ndio unaezeka majani, wa Ngo unapamba.

Mbele yako kuna pazia la nguo ya magome ya muti. Nyuma yake panaitwa Kibira, ni kusema musitu. Kwa desturi, Kabaka hafi, anapotelea musituni. Njo maana chumba cha kaburi kimegeuka pori takatifu.

Inje pia kunasema. Eneo lote ni karibu hektari 27, sehemu kubwa ni mashamba. Humo kunapandwa mituba, miti yenye kutoa ile nguo ya magome.

Na dini zingine?
Mutesa aliwapokea Waislamu, kisha wamisionere wa Kianglikana mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879. Lakini wafalme waliobatizwa nao wamelala nyuma ya pazia lilelile. Desturi na kanisa vinakaa pamoja, hata kama si bila ubishi.

Siasa iliingia namna gani?
Mwaka 1966 jeshi la Obote lilishambulia jumba la Mengo, Mutesa wa Pili akakimbia. Mwaka 1967 falme zikafutwa. Alikufa London mwaka 1969, mwili ukarudishwa mwaka 1971. Falme zilirudi mwaka 1993.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, Kasubi iliungua. Kesho yake raisi Museveni alifika, watu wenye hasira wakataka kumuzuia, askari wakapiga risasi, na watu wakakufa. UNESCO iliweka Kasubi kwenye orodha ya urizi ulio hatarini, ikaitoa mwaka 2023 tu. Kujenga upya kulidai watu wenye kujua kuezeka kwa desturi, na ufundi ule haununuliwi sokoni.

Inatugusa sisi kwa nini?
Juu ya mupaka kuna ndugu zetu Bakonzo. Mwezi wa Novemba 2016, jumba la mufalme wao huko Kasese lilishambuliwa na jeshi, watu zaidi ya 100 wakauawa. Mwenye kushambulia jumba la namna hii anajua kwamba kwa wenyewe si nyumba tu. Na sisi tujiulize: mahali petu pa desturi, nani bado anaweza kueleza watoto maana yake? Waulizeni wazee wangali hai.