Saa za Kula na Unene: Tulitoka Wapi?

Leo tunajibu swali ambalo akina mama hutuuliza sana kliniki: je, ni kweli kwamba chakula cha usiku ndicho kinachonenepesha? Ili tujibu vizuri, kwanza turudi nyuma tuone watu wa ufuo huu wa ziwa walikula vipi.

Zamani, kabla ya mji wa Kisumu, kazi ya shamba ilianza alfajiri. Chakula kilikuwa uji wa mtama au wimbi, na kuon ya unga huohuo kwa samaki au mboga kama osuga, dek na apoth. Mlo mkubwa ulikuwa wa jioni hata wakati huo. Lakini watoto walikula kwanza, ndipo wakaenda siwindhe, nyumba ya mama mzee, kusikiliza hadithi kabla ya kulala. Hawakutoka kwenye sahani wakaingia kitandani. Na mama alikuwa amelima, ameteka maji na kusaga nafaka kwa jiwe.

Tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Kodi ya nyumba iliwasukuma wanaume kutafuta mshahara kwenye reli, bandari na mashamba ya walowezi. Mfanyakazi alikula kwa saa ya tajiri, si kwa saa ya tumbo. Baadaye mahindi meupe yalichukua nafasi ya mtama katika nyumba nyingi, na kinu cha posho kikachukua nafasi ya jiwe. Sukari na mafuta ya kukaangia yakaingia jikoni, na taa ya umeme ikarefusha jioni.

Tazama siku ya mama anayeuza Kibuye au Kondele. Asubuhi ni chai tu. Mchana hana nafasi. Anafika nyumbani giza limeingia, anapika, anagawia wote, naye anakula mwisho, saa nne usiku, pamoja na mabaki ya watoto. Kisha analala. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa Kenya wenye miaka 20 hadi 49, 45 walikuwa na uzito uliozidi kiasi.

Je, kosa ni la saa? Mwaka 2013, watafiti wa Israeli waliwapa wanawake wanene chakula cha kiasi sawa kwa wiki 12. Waliokula kingi asubuhi walipungua kilo 8.7, waliokula kingi usiku, kilo 3.6. Lakini mwaka 2022, watafiti wa Aberdeen, Scotland, walipima jambo hilo kwa watu 30 na kuona wamepungua sawasawa. Tofauti ilikuwa moja: waliokula kingi asubuhi hawakusumbuliwa sana na njaa.

Basi mama, jibu ni hili. Saa peke yake haiyeyushi mafuta. Kinachopunguza mwili ni kiasi cha chakula na kazi ya mwili. Lakini anayeshinda njaa mchana kutwa ni vigumu kujipimia usiku. Saa nzuri inakusaidia kutunza kipimo.

Fanya hivi:
1. Kunywa uji wa wimbi asubuhi, sukari kidogo. Chai tupu si chakula.
2. Beba nyoyo au viazi vitamu uende navyo sokoni.
3. Jipakulie pamoja na watoto, kwenye sahani yako. Usiwe pipa la mabaki.
4. Usiku punguza ugali na mafuta, ongeza mboga. Ukiweza, kula saa mbili au tatu kabla ya kulala.

Tahadhari: mama mjamzito, anayenyonyesha, au anayetumia dawa za kisukari asiruke mlo wala kufunga ili akonde bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Mtoto naye asinyimwe chakula cha usiku. Akichelewa kula kwa sababu umechelewa sokoni, mwachie mlezi uji tayari.

Ukitaka kujua uzito wako, njoo kituo cha afya kilicho karibu nawe. Siku ya kumpima mtoto, panda mizani wewe pia. Kwaheri hadi kipindi kijacho.