Uji wa Tarehe 7: Jinsi Kalenda Ilivyoziacha Mboga Nyuma

Mwaka wangu wa kwanza Japani, wiki ya kwanza ya Januari ilikuwa kimya mno. Maabara imefungwa, wenzangu wameenda makwao, baridi inauma masikio, na mimi niko peke yangu jikoni bwenini najiuliza nimekuja kufanya nini huku. Nilipotoka kununua chakula nikakuta supamaketi imepanga trei za plastiki zenye majani mabichi ya aina saba. Nikabeba moja bila kujua ni za nini.

Kumbe ni mboga za nanakusa-gayu, uji wa mchele unaoliwa tarehe 7 Januari. Mapishi yake hayana makuu: kikombe kimoja cha mchele, maji vikombe saba hivi, moto mdogo mpaka punje zilegee, chumvi kidogo, kisha majani yaliyokatwakatwa unayatia mwishoni yasipoteze ukijani. Baada ya siku kadhaa za vyakula vya sikukuu vyenye sukari na chumvi nyingi, tumbo linashukuru. Kwetu uji wa mchele ni wa mgonjwa au mzazi, kwa hiyo nilipoonja nilihisi kama kuna mtu ananiuguza.

Siku yenyewe ina asili ya China, ambako siku za mwanzo wa mwaka ziligawiwa wanyama mmojammoja, kuku, mbwa na wengineo, na ya saba ikawa ya binadamu. Huko pia walikula mchuzi wa mboga saba. Japani, mwandishi Sei Shōnagon wa jumba la kifalme, karibu mwaka 1000, anataja watu wakichuma mboga changa penye mianya ya theluji siku hiyo. Baadaye watawala wa ukoo wa Tokugawa waliifanya kuwa moja ya sikukuu tano rasmi.

Sasa, zitazame mboga zenyewe. Suzuna na suzushiro ni majina ya kale ya tanipu na figili nyeupe. Seri hupenda majimaji. Nazuna, gogyo, hakobera na hotokenoza ni magugu tu ya mashambani. (Tahadhari: kuna ua jingine linaloitwa hotokenoza, na hilo haliliwi.) Haya ni machipukizi ya mwanzo wa majira ya kuchipua. Mbona basi yanaliwa Januari 7, baridi ikiwa ndiyo kwanza inakaza?

Jibu liko kwenye kalenda. Unajua jinsi Ramadhani inavyosogea nyuma siku kama 11 kila mwaka: miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 tu. Wajapani nao walihesabu kwa mwezi, ila waliongeza mwezi wa 13 mara saba katika kila miaka 19, ili mwaka usiachane na majira. Kwa hesabu hiyo siku ya saba ya mwaka iliangukia kati ya mwishoni mwa Januari na mwishoni mwa Februari. Theluji ipo, lakini ardhi imeanza kuamka.

Mwishoni mwa 1872 serikali ya Meiji ikatangaza kwamba inahamia kalenda ya jua, ikiwapa watu chini ya mwezi mmoja kujiandaa. Siku ambayo ingekuwa tarehe 3 ya mwezi wa 12 ikawa 1 Januari 1873. Ndiyo, mwezi wa 12 ulikuwa na siku mbili tu! Ōkuma Shigenobu, kiongozi wa serikali wakati huo, baadaye alieleza sababu moja: hazina ilikuwa tupu, na mwaka uliokuwa unakuja ulikuwa na mwezi wa nyongeza, yaani mishahara 13. Kalenda mpya iliufuta ule wa 13, na siku mbili za Desemba nazo hazikulipiwa mshahara. Tarehe 4 Januari 1873 sikukuu zile tano zikafutwa pia.

Serikali iliifuta sikukuu, lakini uji ukabaki majumbani, ukang'ang'ania namba 7. Kwa kalenda ya zamani ungeliwa tarehe 4 Februari mwaka ule. Namba ilisogea mbele karibu mwezi mzima, magugu hayakusogea. Ndiyo maana leo magugu, ambayo mkulima mwingine anayang'oa, yanalimwa kwenye vitalu nyumba ili yawahi tarehe.

Bibi mmoja jirani na bweni letu hanunui trei. "Mjukuu wangu, mimi nangoja," aliniambia. Mwaka 2025 siku ya saba ya kalenda ya zamani iliangukia tena 4 Februari, kama 1873. Piga hesabu: miaka 152 ni 19 mara nane. Asubuhi hiyo alinichukua hadi kando ya mto. Hakuniruhusu nichume seri peke yangu, kwa sababu ina pacha wake mwenye sumu kali anayeota palepale majini. Mimi nilishika kikapu, vidole vimekufa ganzi, yeye akawa ananusa jani mojamoja kabla ya kulitia.