Askofu Longinus na Kundi Lililomngoja

Hapa Kihesa, askofu akichelewa nusu saa siku ya Kipaimara, usharika mzima huanza kuchungulia barabarani. Wakristo wa Nobadia, kando ya Mto Nile katika Sudan ya kaskazini ya leo, walimngoja askofu wao kwa zaidi ya miaka 20.

Injili iliwafikia yapata mwaka 543, nayo ilifika pamoja na ugomvi. Kaisari Justinian alishika fundisho la Mkutano wa Kalkedonia wa mwaka 451 kuhusu asili mbili za Kristo. Mkewe Theodora aliwatetea waliolikataa. Kila mmoja akatuma watu wake, na wa Theodora wakatangulia. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Waberlini na Wamoraviani walipoingia mwaka 1891 walipatana mipaka. Kule mume na mke walishindana mbio. Kwa ungamo letu sisi Walutheri tungesimama na mume. Lakini aliyekaa na watu alikuwa Julian, kasisi wa upande wa mke.

Joto lilimtesa mzee huyo. Yohane wa Efeso, aliyeandika habari hizi, anasimulia kwamba tangu saa tatu hadi saa kumi (walihesabu saa kama sisi, tangu jua kuchomoza) Julian aliketi ndani ya mapango yenye maji, amejifunga kitambaa tu, akifundisha na kubatiza. Alivumilia miaka miwili. Baada yake waliangaliwa na Theodore, askofu wa Philae, mzee naye, mwenye kundi lake mwenyewe la kulisha.

Mwaka 566 Patriarki Theodosius, akiwa uhamishoni Constantinople na karibu ya kufa, aliwakumbuka, akaagiza Longinus awekwe wakfu kuwa askofu wao. Kaisari mpya, Justin wa Pili, akamzuia kuondoka mjini miaka mitatu. Longinus alikuwa na upara mkubwa. Basi akavaa nywele za bandia, akapanda meli, akatoroka. Tusione haya kucheka.

Alipofika aliwafundisha upya, akajenga kanisa, akaweka makasisi, akapanga ibada. Hiyo ndiyo kazi ya dayosisi changa, na inachosha kuliko kutoroka. Kwa hiyo tunasikitika kwamba baada ya miaka kama mitano aliitwa Misri katika shauri la kumweka patriarki mpya, akaenda. Shauri lile liliwagawa vibaya wenzake, na kundi likabaki tena bila mchungaji wake. Yohane anamwandika kwa upendo. Sisi tunaona angebaki.

Alirudi. Wakati huo mfalme wa Alodia, mbali zaidi kusini, alikuwa amewaomba Wanobadia wampatie askofu huyo. Nao waliomngoja muda wote ule wakamwachia aende. Mwaka 580 alisafiri kwa kuzunguka jangwani, maana mfalme wa Makuria, aliyekuwa katikati, alimvizia njiani. Akaugua, na ngamia 17 wakafa kwa joto. Mfalme wa Alodia alitoka mwenyewe kumlaki, na baada ya siku chache za mafundisho akabatizwa pamoja na wakuu wake.