Kazi ya Wengi, Jina la Nani?

Mchoro mmoja unaweza kukamilishwa na mtu mmoja chumbani mwake. Maonyesho ambayo mtazamaji huyaingia, akazungukwa na mwanga, sauti au kitambaa pande zote, yanahitaji mhandisi, mshonaji, fundi umeme na wapandaji ngazi. Jamii huwaunganisha watu hao kwa taratibu tofauti, na kila utaratibu una jibu lake kuhusu nani mwenye kazi.

Mjini Tokyo, kundi la teamLab, lililoanzishwa mwaka 2001, limechagua jina la pamoja. Makumbusho yake ya Borderless yalifunguliwa Odaiba mwaka 2018, kabla ya kuhamia Azabudai Hills mwaka 2024. Yale ya kwanza yalikuwa na eneo la mita za mraba 10,000, kompyuta 520 na projekta 470. Maua yanayochanua ukutani hayakurekodiwa. Programu huyachora papo hapo, na yakiguswa hupukutika. Waandishi wa programu, wanahisabati, wasanifu majengo na wachoraji hubuni kwa pamoja, na sahihi ni ya kundi.

Mji wa Kolkata, India, pia hutanguliza umoja, lakini umoja wake ni wa mtaa. Kila mwaka kwa ajili ya sikukuu ya Kihindu ya Durga Puja, kamati za mitaa huchangisha fedha na kusimamisha mabanda ya mianzi, kamba na vitambaa yaitwayo pandal, mengine makubwa kama hekalu, yenye mada na mandhari kamili ndani yake. Sanamu za udongo hutoka kwa mafundi wa mtaa wa Kumartuli, ambao wengi wao wamerithishana ufundi. Umati hutembea usiku kucha kutoka banda hadi banda, ukilinganisha mtaa na mtaa. Kisha sanamu huzamishwa katika Mto Hooghly na mabanda huvunjwa. Msomaji wa Unguja atakumbuka kibanda cha makuti cha sherehe za Mwaka Kogwa, Makunduchi, kinachojengwa ili kichomwe moto. Huko nako, kutodumu ni sehemu ya kazi yenyewe. Tokyo huilipia kazi kwa tiketi. Kolkata huilipia kwa michango na wafadhili, na mlango huwa wazi kwa kila mpita njia.

Ibrahim Mahama, msanii wa Ghana, yuko kati ya taratibu hizi mbili. Mwaka 2024 alilivika jengo la kituo cha sanaa cha Barbican, London, kitambaa cha waridi na zambarau chenye ukubwa wa takriban mita za mraba 2,000, kilichofumwa na kushonwa na mamia ya mafundi wa mji wa Tamale, Ghana. Kwa ukubwa wake kilishonewa katika uwanja wa michezo. Juu yake zilishonwa batakari, yaani majoho, zilizokwisha kuvaliwa na watu. Hapa jina ni la msanii mmoja, ingawa kila mshono unaonyesha mikono ya wengine.

Sioni kwamba utaratibu mmoja unaushinda mwingine kwa heshima. Jina la kundi huzuia majivuno, lakini humficha fundi hodari. Jina la mtaa huwapa wakazi fahari. Jina la msanii huwafungulia mafundi wa Tamale njia hadi London. Lililo muhimu ni makubaliano. Waandaaji wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoalika mafundi waamue nao kabla ya mwanzi wa kwanza kusimama: nani atatajwa, nani atalipwa kiasi gani, na vifaa vitakuwa vya nani baada ya kuvunja.